Miaka ya Usukani ya Ildephonse Bagalwa

Ndugu waombolezaji, na ninyi madereva wenzetu mliokuja na sare zenu, familia imemwomba Eliezer Bahizire awasomee maisha ya mdogo wake, na kwa kuwa karatasi hii ameiandika mwenyewe, amejitaja humu kwa jina kama anavyotajwa mtu baki, maana akianza kusema mimi, mimi, hatafika mwisho.

Ildephonse Bagalwa alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini, tarehe 14 Machi 1962, miaka miwili baada ya Eliezer, akasoma shule ya msingi hapo hapo, na sekondari Bukavu hadi mwaka 1981, akifaulu kila mwaka, wakati Eliezer alirudia darasa la tano mara mbili hadi mdogo mtu akamkuta humo humo. Tarehe 22 Agosti 1992 alimwoa Donatille, ambaye Eliezer ndiye aliyemwona wa kwanza kwenye kwaya, ila tuyaache hayo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joyeuse, ambaye ni muuguzi kule Maple Grove, na Sydney.

Novemba 1996 vita viliwakimbiza hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na hapa pana jambo ambalo Eliezer hajawahi kulisema mbele za watu. Mwandikishaji aliwapa wote wawili tarehe ya kuzaliwa ya mosi Januari, kama alivyowapa nusu ya mliokaa humu, lakini mwaka kila mtu alijitajia, Ildephonse akasema kweli, 1962, naye Eliezer, kwa kuwa palikuwa na mafunzo ya udereva ya vijana wasiozidi miaka thelathini, akasema 1967, akajikata miaka saba, akayapata mafunzo, akatamba nayo kambi nzima. Kwa karatasi hizo hizo walifika ng'ambo, mji huu wa Saint Paul, mwaka 2008, Ildephonse akajifunzia udereva hapa hapa, na Jumatatu tarehe 17 Mei 2010 wakaajiriwa pamoja kuendesha mabasi.

Kisha mfuko wa pensheni wa madereva ukabadilisha kanuni, kwamba ifikapo tarehe 1 Julai 2022, aliyekwisha kutimiza miaka sitini astaafu kwa kanuni za zamani, na ambaye hajatimiza asubiri hadi sitini na sita. Ildephonse alikuwa na sitini, akastaafu siku hiyo hiyo, na Eliezer, mwenye sitini na mbili magotini na hamsini na tano kwenye karatasi, akaambiwa asubiri hadi mwaka 2033. Jamani, wivu ule! Siku ya sherehe ya kumuaga Ildephonse, Inver Grove Heights, Eliezer alituma salamu kuwa yuko kazini, kumbe alikuwa na mapumziko, akakaa ndani ya gari nje ya ukumbi, akatazama dirishani keki ikikatwa, akaondoka.

Tangu hapo, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Ildephonse alipanda basi la Eliezer, kavaa koti zuri, chupa ya chai mkononi, akakaa kiti cha mbele kabisa, akashukia katikati ya Saint Paul huku akimtakia kaka yake kazi njema, naye Eliezer alisaga meno, akijua moyoni kuwa mtu huyu anakuja kumringia tu. Februari 2025 Ildephonse aligunduliwa na saratani ya ini, akaendelea kupanda, sasa na fimbo, na Eliezer, Mungu amsamehe, alisaga meno hata wakati huo. Alifariki nyumbani kwake Oakdale, Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, Eliezer akiwa barabarani.

Jumatatu iliyopita Bwana Muriuki wa chama chetu cha wafanyakazi alikuja msibani na barua, akamuuliza Eliezer kama kweli hakujua ndugu yake alikuwa akienda wapi. Kila Jumanne ile alikuwa akienda kwenye kikao cha bodi ya pensheni, miaka mitatu, akiomba jambo lile lile, kwamba dereva ahesabiwe miaka aliyokaa kwenye usukani, si miaka iliyoandikwa kwenye kitambulisho, na hata siku moja hakutaja uongo wa kaka yake, wala hakumwambia kaka yake, asije akampa tumaini la bure. Bodi imekubali, dereva akitimiza miaka kumi na mitano kazini anastaafu, na barua ile, ya ruhusa ya kustaafu, ilikuwa na jina la Eliezer.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Oakdale walioondoa theluji mlangoni pake bila kuombwa, Bwana Muriuki, na madereva wote. Mkitaka kujua kama wivu umekwisha, haujaisha, ila siku hizi Eliezer haoni wivu kwa pensheni, anaona wivu kwa moyo ule, ambao angeupata wapi yeye.

Mafundi wa gereji kanuni mpya haijawagusa, kwa hiyo Jumanne ya kwanza ya Novemba basi lile litaendeshwa na mtu mwingine, na Eliezer atapanda kama abiria, atakaa kiti cha mbele kabisa, atashukia pale pale, aingie kikaoni kuwasemea.

Pumzika, mdogo wangu, ulale kwa amani. Nisamehe ile keki.