Kupanda Kyarumba na Moyo Mgonjwa

Ndugu zangu, mama zangu, niruhusuni nizungumze nikiwa nimekaa. Si dharau. Nikisimama mbele za watu moyo hudunda, na mimi na moyo wangu bado hatujaaminiana.

Wanaonifahamu hapa wananikumbuka nikikimbia. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu Kasese. Nimezaliwa juu Kyarumba, ambako hata kuteka maji ni kupanda na kushuka, na kifua changu cha mbio nilikipata huko. Kochi aliniambia nitafika mbali. Niliamini. Nilikuwa sina ndoto nyingine.

Kisha moyo ukaanza kuruka. Si kwenda kasi. Kuruka, kama kuku aliyeshikwa miguu. Nilimwambia kochi, nikamwambia shangazi yangu anayeuza chumvi Kabatoro. Shangazi akacheka. "Watu ya mulima mukishuka huku, joto inawamaliza chumvi. Lamba hii." Akanipa bonge la chumvi ya ziwani, nikawa nalamba kabla ya kila mazoezi. Hakuna aliyenitakia mabaya, nawaambia. Kwetu mkimbiaji akilegea, dawa ni chumvi.

Siku ya mashindano ya vyuo, kwenye kona ya mwisho, niliona nyasi za uwanja zinanijia usoni. Nilipozinduka, kochi alikuwa amepiga magoti kando yangu, analia, mikono yake bado inakandamiza kifua changu.

Hospitalini daktari alinipima, akatazama kioo cha mashine kwa muda mrefu. "Dada, musuli ya moyo yako imekuwa nene sana. Kukimbia, basi."

"Mpaka lini?"

"Basi kabisa. Kutembea pole pole, sawa. Dawa, kila siku. Lakini ukikimbia, moyo inaweza kusimama."

Ndugu zangu, katika maneno yote hayo nilisikia moja tu: kusimama.

Nikaja hapa Bwera kwa dada yangu, nikajifungia. Niliogopa kucheka. Niliogopa kupiga chafya. Boda boda ikipiga honi njiani, nilishika kifua na kungoja. Mama yangu yuko juu kule, miguu imevimba, hawezi kushuka. Alituma ujumbe kwa simu ya jirani: "Muambie mutoto yangu nataka kumuona na macho, hata kama haiko na mbio tena." Boda haifiki kwetu, ni njia ya miguu tu. Miezi ikapita. Nikiufikiria mlima ule niliona kifo kimekaa pale, kinaningoja mimi.

Siku moja ya soko dada alinishika mkono, hakuniuliza. Boda ikatufikisha pale barabara inapoishia. Wanawake wa kwetu walikuwa wanarudi na mizigo kichwani. Nikasema, "Tangulieni, nitakuja nyuma."

Mmoja, mwenye mimba kubwa na gunia la maharage, akanitazama kama nimemtukana. "Nani alikuambia mugonjwa anatembea nyuma?"

Desturi ya njia ile mnaijua: aliye dhaifu kuliko wote ndiye anayeongoza, na hakuna anayempita. Mimi sikuwahi kuifikiria. Tangu utotoni nilipanda mbio, peke yangu.

"Mizigo itawachosha," nikasema.

"Shingo ni ya kwetu. Wewe nenda. Ukisimama, tunasimama."

Nikaenda. Hatua chache tu, nikasimama, mkono kifuani. Mstari wote ukasimama. Kisha sauti nyuma yangu: "Huyu ndiye alikuwa anashinda Kasese muzima? Mimi na mimba yangu ningemupita." Wakaangua kicheko, nami nikacheka kabla sijakumbuka kuogopa. Moyo ukaruka, ukatulia.

Tulipanda hivyo mchana wote. Hakuna aliyeninung'unikia. Mama alikuwa mlangoni. Aliweka kiganja kifuani pangu, akasikiliza. "Inapiga," akasema. "Kuja ukule."

Namshukuru kochi, na daktari, na dada yangu aliyenivumilia. Nawashukuru wanawake wale na shingo zao. Woga bado ninao. Leo asubuhi uliamka kabla yangu. Lakini kijana wenu akisema moyo unaruka, mpelekeni apimwe, chumvi uachieni mchuzi. Na wewe unayeumwa, usiwaambie watu watangulie. Kaa mbele, wakuone ukisimama.

Asanteni kwa kuningoja nimalize.