Kesi ya Mtoto wa Handakini

Joto la mji wa Qinggangya likishika, watu wa mtaa wa bandarini hukimbilia kwa Pilipili. Kibanda chake cha chai kimechomekwa kwenye mdomo wa handaki la zamani, lile la kujikinga na mabomu, na ukikaa kwenye benchi lake la mianzi baridi inakutambalia mgongoni kama kuna mtu nyuma yako anakupulizia. Hatua chache ndani kuna ukuta wa matofali wenye kitundu cha hewa, na nyuma ya ukuta handaki linaendelea, giza tupu, mpaka tumboni mwa kilima. Ndege za Wajapani zilipoushambulia mji, watu walijazana humo hadi hewa ikawaishia. Kijiweni habari hiyo haitajwi. Watu wanaagiza chai, wanamenya mbegu za alizeti, wanabishana. Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi na hajawahi kuamrisha chochote zaidi ya masufuria, anabishana na Wakili, ambaye maisha yake yote alikagua tiketi za kivuko na sasa redio haibanduki sikioni. Na upande wa ukutani, bakuli la chai mkononi, anakaa mzee Pu Changgui. Wote wanamwita Kimya.

Siku hiyo Wakili ndiye aliyeanza.

— Nimesikia redioni. Watu wanaifungulia kesi serikali ya Japani. Si huko kwao. Hapahapa, kwenye mahakama yetu.

— Kwa kosa gani? — akauliza Jenerali.

— La kuua. Mabomu ya wakati wa vita. Kule Tokyo wenzao walishakwenda, wakarudi mikono mitupu. Sasa wanajaribu nyumbani.

— Basi imekwisha hiyo! Nyumbani kwetu nani atatushinda?

— Punguza munkari, Jenerali. Serikali ina kinga. Haiburuzwi kwenye mahakama ya serikali nyingine.

— Kinga? Kama ya surua?

— Hiyohiyo. Imechanjwa isipatwe na kesi.

Pilipili alikuwa anamimina maji ya moto. Akalitua birika kwa kishindo.

— Na hawa wa nyuma ya ukuta, nani aliwachanja?

— Dada, mimi nasema sheria tu.

— Ndiyo ukome sasa!

Jenerali akasogea mbele. Likija suala asilolijua, ndipo anaponoga.

— Mimi linalonisumbua ni moja. Nchi nzima inasimamaje kizimbani? Inaingilia mlango gani?

— Inapelekewa hati ya kuitwa.

— Ikikataa kuipokea?

— Hati inabandikwa ukutani. Hapo inahesabiwa imeipata.

— Kumbe ukuta nao unasoma! — Jenerali akacheka. — Basi tukishinda tunakamata mali. Pilipili, gari la mkwe wako si la kutoka kwao? Lile naanza nalo.

— Liguse uone kama utarudi na huo mkono.

— Mnapotoka, — akasema Wakili. — Swali ni nani mlalamikaji. Aliyeuawa hayupo. Lazima awepo wa damu yake, mzima, wa kutia dole gumba.

— Aliyeuawa hayupo? — Jenerali akateremsha sauti. — Unajuaje? Mimi nawaambia wapo, na kesi yao wanaifuatilia kuliko wewe na redio yako. Hamjaona? Tangu tuanze kuizungumza, baridi imezidi. Ni kwamba wamesogea. Wamejaa pale kwenye kitundu, wanasikiliza.

Wakili akacheka, kisha akajikuta anacheka peke yake. Pilipili akajitupia kitambaa mabegani. 

— Nyie wanaume mna midomo michafu, — akasema Pilipili.

Kimya aliwasikiliza kama mgonjwa anavyowasikiliza waganga wakibishana juu ya kitanda chake. Mkwewe alikuwa amempigia simu tangu asubuhi: mtu wa ofisi ya wanasheria angekuja kumwona, leo, hapa. Hakumwambia yeyote.

Akaja kweli: mwanamke wa makamo, uso umelowa jasho, mkoba umembana kwapani. Akasalimia, akauliza mzee Pu Changgui ni yupi. Wote wakageuka, maana jina hilo hawakuwa wamelisikia kitambo.

— Ni mimi, — akasema Kimya.

— Shikamoo, babu. Mimi naitwa Yan. Nimekuja kwa ajili ya ile kesi.

Jenerali akameza mbegu na ganda lake.

— Kimya! Una kesi, na umetuacha tunapayuka hivi?

— Mlikuwa mnaendelea vizuri, — akasema Kimya.

Pilipili akampa Bi Yan kigoda na bakuli la chai. Bi Yan akatoa kalamu, akauliza taratibu, kama mtu anayepita kwenye ngazi iliyooza. Waliokufa ni nani? Mama yake na mdogo wake wa kike. Mama akiitwa nani? Tian Suyun. Baba? Alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kabla ya hapo, hakurudi. Na yeye alikuwa na umri gani? Miaka sita.

— Nieleze unachokumbuka, babu. Usijilazimishe.

Kimya akalishika bakuli kwa mikono miwili. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

— Mapira mekundu, ishara kwamba ndege zinakuja, yalipandishwa mlingotini, tukakimbilia humu. Mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mimi akanishika mkono. Watu walikuwa wengi. Mlango ukafungwa. Taa zilizimika moja moja, maana hata taa inataka hewa. Mama akapapasa ukutani, akapata ufa unaochuruzika maji, akanibandika uso pale. Akaniambia nisitoe pua. Halafu akawa ananiita. Changgui! Naitika: nipo. Changgui! Nipo. Watu wote walikuwa wanaitana kwenye giza lile, majina yamechanganyikana, lakini sauti yake niliijua. Tukaenda hivyo. Mwisho nikawa naitika, na hakuna aliyeniita.

Wakili alikuwa ameizima redio.

— Na mdogo wako? — akauliza Bi Yan. — Alikuwa anaitwa nani?

Kimya akalitua bakuli benchini.

— Tulimwita Kadogo. Nyumbani wote walimwita Kadogo.

— Hilo ni la kudekeza, babu. Jina lake lenyewe?

— Alikuwa nalo. Babu yetu ndiye aliyempa. — Akautazama ukuta. — Nyumba iliungua siku ileile. Mimi nililelewa kwenye kituo cha yatima. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Mama aliita jina langu mpaka mwisho. La kwake hakuliita hata mara moja. Alikuwa naye mgongoni. Amwite wa nini?

Bi Yan akaishusha kalamu.

— Bila jina, babu, sijui kama watampokea.

— Mpeni jina! — Jenerali akaruka. — Nani atajua? Suhua. Yulan. Yapo majina mazuri tele.

— Kweli, — akasema Wakili. — Kisheria mtu mmoja, jina moja. Likishaandikwa, ndilo lake.

— Hapana, — akasema Kimya.

— Lakini ndugu yangu, ni kwa faida yake!

— Jina la mtu mwingine likisomwa mahakamani, yeye atajuaje kwamba ameitwa? Atakaa humo anasubiri, na kesi imeshapita.

Bi Yan akaandika: mtoto wa kike wa Tian Suyun, jina halijulikani. Kimya akatia dole gumba mara mbili, la mama na la mtoto, na la mtoto alilikandamiza hadi kucha ikawa nyeupe.

Majira ya kiangazi yakaisha, mvua za vuli zikaanza, ndipo Bi Yan akarudi. Safari hii hakufungua mkoba. Alisema mahakama ilizipokea karatasi dirishani. Haikuipa kesi namba, haikuikataa pia. Ukienda kuuliza, unaambiwa usubiri. Isipokuwa karatasi moja. Ile ya mtoto walimrudishia palepale. Karani alimwambia huwezi kudai damu ya mtu ambaye hukuonyesha kwamba alikuwepo.

— Alikuwepo, — akasema Kimya.

— Najua, babu.

Hakuna aliyemlaumu Bi Yan. Alikunywa chai yake, akainama kwa heshima, akaondoka kwenye mvua.

Jenerali ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alitaka kumchangamsha mwenzake, basi.

— Kimya, kwani majina ndiyo nini? Mimi hili la Gong Yaozu nimelipata nikianza shule. Kabla ya hapo mama aliniita Kijimbwa. Ndugu zangu wawili walikufa kabla yangu, basi akaniita hivyo ili kifo kikipita kione mbwa tu, kiende zake. Kijimbwa, njoo ule! Kijimbwa, toka matopeni!

— Mimi Jaa, — akasema Wakili, ameona haya. — Ati nimeokotwa jaani.

— Jaa! Miaka yote hii tunakaa na Jaa!

Wakacheka kwa nguvu, na kicheko chao kikaingia kwenye kitundu, kikachelewa kidogo, kikarudi. Pilipili, ambaye kwa kawaida kicheko chake husikika mbali, hakucheka.

— Msiyataje hayo hapa, — akasema.

— Kwa nini, dada?

— Majina yenu makubwa yatajeni mnavyotaka. Lakini hayo mliyoitwa na mama zenu, hapana. Si hapa. Humo ndani kuna watu hawajaitwa siku nyingi. Wakiyasikia watayashika.

— Acha kututisha, bwana, — akasema Jenerali. Lakini alikunywa chai iliyobaki kwa haraka na kuwahi nyumbani, mvua yote ile.

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu akaja, mvua imekatika, jua linawaka. Hakukaa mahali pake. Alivuta kigoda mpaka nje kabisa, barabarani, pikipiki zikawa zinamkwepa.

— Utagongwa, Jenerali! — akasema Wakili.

— Nani kati yenu alikuja kwangu jana mchana?

Wakatazamana. Hakuna.

— Msinifanyie mzaha. Nilikuwa nimejilaza baada ya kula. Watoto wako kazini, mlango nimeufunga. Nikasikia naitwa. Kijimbwa. Pale mlangoni, upande wa nje. Kijimbwa.

Jenerali anajulikana mtaa mzima kwa kutia chumvi. Kijiwe kikasubiri aendelee, alete moshi, alete wanajeshi wasio na vichwa. Hakuleta kitu. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama si yake.

— Hilo jina, — akasema, — nimewaambia ninyi tu. Hata marehemu mke wangu hakulijua. Sasa nani ameniita?

Wakili akatazama redio yake. Pilipili akainua birika, akalikuta jepesi. Maji yalikuwa yamekwisha na hakwenda kuchemsha mengine.

Kimya akainuka kutoka ukutani. Alitembea polepole hadi nje, akachuchumaa mbele ya Jenerali juani.

— Sauti ya mtu mzima?

— Hapana.

— Ya kike?

— Ya kike. Ndogo sana. Kama anayejifunza kusema.

— Uliitika?

— Nilijifunika shuka, ndugu yangu. Nilijifunika mpaka kichwani.

Kimya akamshika goti. Hawakuwa wamewahi kuona uso wake vile. Ulikuwa kama wa mtu aliyesimama gatini, ameona kivuko kinakata kona.

— Akija tena, — akasema, — usijifunike. Mwitikie. Halafu muulize yeye anaitwa nani.