Mikono Iliyosuka Mota za Mji Huu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Meneja wa kiwanda, walimu wangu, mafundi wa karakana, ndugu wageni waalikwa: itifaki imezingatiwa.

Mwenye sherehe hayupo. Fundi tunayemuaga leo baada ya miaka arobaini ni bibi yangu, mama wa mama yangu, naye amegoma kutoka karakana mpaka amalize kuzungusha koili yake ya mwisho ya waya wa mota. Basi, kabla hajafika, niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana darasa letu lilitembelea kiwanda hiki. Tulipita hatua tatu tu kutoka benchi lake. Rafiki yangu akanigusa: "Yule bibi mwenye vidole vyeusi unamfahamu? Mbona mmefanana?" Nikajibu, "Simjui." Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa anahesabu.

Mwalimu amenipa karatasi ya kuwasomea, kwa lugha ya darasani. Ina miaka, ina volti, ina vyeo vya wakurugenzi wote. Bibi hayumo. Hii ninayosoma nilikuwa nimeificha chini yake. Nimeiandika kwa lugha ya nyumbani.

Ndugu zangu, nani kati yenu anakumbuka enzi ambapo mota ikiungua, inatiwa kwenye sanduku, inapelekwa ng'ambo kwa meli, na kiwanda kizima cha nguo kinalala miezi minne kikiisubiri? Wasichana sita wa karakana hii wakasema, kwani wanaozisuka huko hawana vidole kama sisi? Wakafungua mota iliyoungua, wakahesabu mizunguko ya waya wake, mmoja baada ya mwingine, wakaisuka upya. Ilipowashwa ikazunguka kinyumenyume! Msimamizi akacheka mpaka akashika ukuta: "Binti, umetusukia mota ya kuturudisha jana!" Bibi, mmoja wa wale sita, wakati huo msichana wa miaka ishirini, akabadilisha nafasi za nyaya mbili tu. "Haya, mzee, panda twende kesho."

Kutoka mota ile moja tumefika kwenye transfoma zilizo juu ya nguzo za kila mtaa, zote zimesukwa hapa. Na sheria ya mabenchi ni ileile: anayehesabu mizunguko haitikii salamu. Mkurugenzi mmoja aliwahi kumwamkia bibi, "Shikamoo, mama." Bibi akaendelea kuhesabu. Akasimama pale, kofia mkononi, mpaka mzunguko wa mia nne na kumi. "Marahaba, mwanangu. Ningekujibu mapema, ungelala gizani."

Mimi nimesoma vitabu vyangu vyote kwa taa za mikono ile, halafu nikaona haya kuijua.

Nasikia hatua kwenye korido. Ni zake, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Vidole vyangu vimeshaanza kuirudisha karatasi hii chini ya ile ya mwalimu. Hapana. Ibaki juu.

Mfungulieni mlango, tafadhali. Bibi, usikae kwanza. Rafiki yangu yupo safu ya tatu, naye asikie. Mheshimiwa, mabibi na mabwana, mwaka jana niliulizwa kama namjua mama huyu, nikamkana mbele yake. Leo sijaulizwa na mtu. Huyu ni bibi yangu. Uso huu nimeutoa kwake. Simameni, tumpokee.

Kwa masikio yenu na subira yenu, asanteni sana.