Salamu za Kwenye Televisheni

Hiace ya Ngaramtoni ilikuwa haijatoka hata stendi, na mzee mmoja wa Kiarusha kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa ameshaizika tamthilia nzima ya kwenye televisheni.

"Wapuuzi hawa, mama! Wamechukua kijana wa Dar, wamempaka unga kwenye nywele, eti ndiye mzee wetu. Halafu anaingia mtoto, anamshika mzee kichwani. Mtoto! Kwetu mtoto ndiye anainamisha kichwa, mzee anamgusa. Wameshindwa hata kuuliza?"

"Babu, tamthilia ile imelipiwa na kampuni ya sabuni. Wale wanauza sabuni, hawauzi mila," alijibu mama wa Kichaga aliyepakata ndoo ya parachichi. "Si uzime tu?"

Ushauri mzuri, ila dakika chache nyuma alikuwa akimsimulia jirani yake tamthilia hiyo hiyo, tangu sehemu ya kwanza.

"Nizime nini? Jumapili mjukuu wangu anayekaa Sombetini, huko mjini, kaja kunisalimia. Nikanyoosha mkono nimguse. Akaupita, akanishika mimi kichwani, mbele ya wazee wenzangu! Wamecheka mpaka chai ikawapalia."

Mimi nilijifanya nakohoa. Yule mama hakucheka.

"Ana umri gani huyo mtoto?"

"Tisa."

"Miaka tisa, babu, na salamu ya kwenu amekuja kufundishwa na watu wa sabuni?"

Gari lilikuwa limeshaondoka stendi. Alipopanda alimwambia konda anafika mwisho.

"Shusha hapo, narudi Sombetini kwa mjukuu," mzee akasema, na gari likasimama.