Beth Kavata, Mkandaji wa Farasi na Punda

Wapendwa, wazee wa kanisa, majirani wetu wa Kambu na ninyi mliotoka Kitui alfajiri, mimi ni Mwongeli, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nitasoma polepole, na mkiona sina machozi mengi msishangae, kwa sababu dada yangu aliumwa miaka miwili na sasa haumwi tena.

Beth Kavata alizaliwa tarehe 9 Agosti 1970 huko Kilungu, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Musyimi Ndululu na marehemu Mama Mbithe, akaanza shule ya msingi hapo kijijini mwaka wa 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1989. Alikuwa mwoga, hilo nyumbani tulilijua sote, darasani alikuwa na majibu lakini mkono hakuinua.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Ngure, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakahamia hapa Kambu kuuza vipuri kando ya barabara kuu, na Mungu akawapa watoto watatu, Evanson mwaka wa 1994, Nduta mwaka wa 1996 na Mbithe mwaka wa 2001.

Mwaka wa 1998 alipata kazi ya upishi katika mazizi ya farasi huko Karen, Nairobi, akawapikia wafanyakazi kwa miaka kumi na mmoja bila kumgusa farasi hata mmoja, na akienda stoo alizungukia nyuma asipite karibu nao. Januari 2009 Daktari Kalunde, mtaalamu wa viungo vya wanyama kutoka Kitui, alikuja kufundisha wafanyakazi watano jinsi ya kukanda farasi, mmoja akawa mgonjwa, na meneja akamwambia dada ajaze hiyo nafasi, maana aliyezoea kukanda unga wa chapati za watu arobaini hawezi kukosa nguvu.

Nguvu alikuwa nazo, kujiamini ndiko hakuwa nako. Alipewa farasi jike wa kahawia aliyeitwa Asali, naye kila akiguswa kwa ncha za vidole alisogea na kurusha mkia, hadi dada akasema arudi jikoni tu, ndipo Kalunde akamwambia, "Beth, unamgusa kama mtu anayebisha hodi halafu anakimbia. Simama hapa begani, weka kiganja chote, ngoja akuzoee." Alingoja, siku baada ya siku, akajifunza kutazama masikio na midomo, na wiki ya tatu, alipokuwa akishuka taratibu kutoka shingoni kwenda mgongoni, Asali aliinamisha kichwa, akafumba macho nusu na kuvuta pumzi ndefu. Dada alinipigia simu kunieleza, akicheka kama msichana, na siku hiyo wafanyakazi walikula chakula cha mchana saa tisa.

Sitaficha jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha. Mwezi wa Mei 2011 alisikia joto na ugumu upande wa kushoto wa mgongo wa farasi mmoja, akanyamaza, akijiambia yeye ni mpishi na wenye kujua wapo, na Jumamosi yake farasi huyo alikataa kuruka kizuizi akamwangusha binti aliyempanda, akavunjika mfupa wa bega. Binti alipona, lakini dada aliandika barua ya kuacha ukandaji, akampelekea Kalunde, naye Kalunde akaisoma akamrudishia. "Mkono wako ulisikia," akamwambia. "Ugonjwa ni kazi ya daktari, wewe sema tu ulichosikia, hata kama sauti inatetemeka." Dada alienda hospitali kumwomba binti huyo msamaha, akasamehewa, na kesho yake akarudi zizini.

Mwaka wa 2014 alirudi hapa Kambu, mahali ambapo hakuna farasi lakini punda wanabeba maji kila siku, na watu wakamcheka, nani amewahi kusikia punda anakandwa. Tarehe 20 Agosti mwaka huo, sokoni Mbumbuni, Bwana Mulinge, ambaye tuko naye hapa leo, alikuwa anamuuza punda wake mchechemevu kwa wachinjaji, na dada yangu, yule ambaye hakuinua mkono darasani, alipita katikati ya wanaume, akaweka kiganja mgongoni mwa punda, akangoja, akasema, "Huyu hajaisha. Amebanwa na mkanda, hapa pana joto. Mwite daktari wa mifugo, nami nipe siku kumi na nne." Daktari alikuja, akakubali, mkanda ukabadilishwa, dada akamkanda kila asubuhi, na siku ya kumi na moja punda alitembea sawa.

Kuanzia 2018 alifundisha kina mama wa Kitui na Makueni, Kasyoka akiwa mmoja wao, na somo lake la kwanza lilikuwa siku zote yule binti aliyeanguka.

Machi 2023 alipatikana na saratani ya tumbo, akafanyiwa upasuaji Machakos, akapata nafuu, ikarudi. Aprili mwaka huu wa 2025 maumivu yalikuwa makali mpaka tuliogopa kuingia chumbani, lakini muuguzi Wavinya alimletea dawa iliyomtuliza, na wiki zake tano za mwisho alikula, alizungumza, alipatana na kila mtu. Jumanne tarehe 3 Juni, saa kumi alasiri, aliniambia, "Mwambie Kasyoka Alhamisi sitafika kwa punda wake, aendelee mwenyewe, anaweza," akageukia ukuta akalala, akafariki.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi Wavinya, majirani mliotuchotea maji, wafanyakazi wenzake wa Karen na Daktari Kalunde. Kasyoka ameniomba niseme kwamba Alhamisi ile alienda peke yake, na punda alisimama akatulia.

Dada, tulimwomba Mungu akuondolee maumivu, naye ametusikia, pumzika kwa amani.