Fundi Kapata Sifuri

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya madebe mawili, mbele ya duka la fundi baiskeli. Ubao ni wake, madebe ni yake, hata kivuli cha bati ni chake; sisi tumeleta makalio tu. Jumapili tulipiga kura ya mwenyekiti wa kijiji. Fundi aligombea, tena sisi ndio tuliomsukuma mpaka akashona suruali mpya. Jioni matokeo yakasomwa. Bwana Kivuli, yule anayeshinda akihamisha kiti kuizunguka nyumba yake kufuata kivuli, kazoa kura zote. Fundi, sifuri. Leo mlango wa duka uko nusu wazi, na tunasikia spana zikitupwa sandukuni, moja moja. Anahama. Kasema hawezi kukaa kijiji ambacho hakuna hata mtu mmoja anayemtaka. Basi tukawa tunapaza sauti pale nje, asikie kwamba sisi hatuhusiki.

— Kura zimeibwa! alisema Wakili, ambaye mahakamani alifika mara moja tu, shahidi wa kesi ya mbuzi.

— Zimeibwa na nani? Mama Kahawa akauliza huku akimimina. Msimamizi si shemeji yako?

— Ndiyo maana najua.

Redio akasogea. Tunamwita hivyo kwa kuwa hazimiki.

— Niwape ya ndani. Tatizo ni wino. Wametupaka kidole kimoja. Wahenga walisema nini? Kidole kimoja hakivunji chawa. Sasa kura ya kidole kimoja ingefika wapi?

— Mbona ya Kivuli imefika?

— Ya Kivuli ilikuwa nyepesi.

— Acheni hayo, Wakili akasema. Tatizo ni alama. Fundi wamempa alama ya kufuli. Mtu anaingia kwenye kile kibanda, anaona kufuli, anakumbuka hajafunga nyumba, anatoka mbio.

— Kijiji kizima hakijafunga nyumba?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Toka hapa! Mama Kahawa akacheka, kisha akaziba mdomo, maana ndani spana nyingine ilikuwa imelia. Punguzeni maneno. Na kahawa inaisha, kimebaki kikombe kimoja.

— Changu!

— Changu mimi, nilitangulia!

— Hebu nimalizie, Redio akasema. Kuna karatasi za siku hizi, ukizikunja tu, tiki inahama yenyewe. Unampigia Fundi, ukikunja, iko kwa Kivuli. Na kijiji hiki, nani hakunji karatasi?

Hapo akatokea nesi mpya wa zahanati, hata mizigo yake hajamaliza kuifungua, anakokota baiskeli tairi limelala chini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nimepata pancha. Fundi yupo?

— Yupo, ila anahama, Wakili akajibu, akamweleza kisa chote pamoja na lile kufuli.

Nesi akasikitika kweli.

— Maskini. Sifuri kabisa? Hata mkewe?

— Mkewe yuko kwao anauguza mama yake. Hakupiga.

— Sasa yeye mwenyewe alimpigia nani?

Redio akazimika, mara ya kwanza tangu nimjue. Na mle ndani spana zikanyamaza.

Fundi akatokea mlangoni.

— Nilimpigia Kivuli, alisema. Niliona haya. Mtu hajipakulii nyama mwenyewe mbele za watu. Nikajua ninyi mpo, mtanipakulia.

Jamani! Heri angetutukana. Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Mwanangu, nikwambie ukweli? Kalamu ilishafika kwenye kufuli lako. Nikawaza, mwenyekiti ni vikao, leo wilayani, kesho wilayani. Baiskeli yangu ya maji nani ataitazama? Nikasema wengine watampa, yangu moja haipunguzi kitu. Nikampa Kivuli. Yule hata akienda mwezi mzima, nani atajua?

— Na mimi hivyo hivyo, Redio akasema kwa sauti ndogo.

— Mimi pia, ndugu yangu. Kwa mujibu wa sheria.

Mimi niliinua mkono tu.

— Yaani mmeninyima kwa kunipenda?

— Kwa kukupenda, baba.

— Na mlikuwa mnangoja nihame ndiyo mniambie?

Fundi akafuta macho kwa mkono wa shati. Akaichukua baiskeli ya nesi, akaipindua miguu juu, akaanza kuzungusha gurudumu taratibu akitafuta mwiba.

Mama Kahawa akatikisa birika.

— Haya, kikombe cha mwisho. Cha nani?

Mikono yote ikamnyookea Fundi, hata wa nesi, ambaye kwetu hajajiandikisha.

Fundi akaitazama ile mikono, mmoja mmoja.

— Leo mikono mnayo, alisema. Jumapili ilikuwa wapi?

Akapokea kikombe, akanituma ndani nikamtolee spana sandukuni. Nikamuuliza ipi.

— Zote, alisema.