Renatus Bizimana, Aliyekaa Mpaka Wimbo wa Mwisho

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote poleni na safari. Kabla ya tarehe na majina, tuanze na lile jina ambalo baadhi yenu mmelitamka pale getini leo asubuhi, halafu mkaziba mdomo. Msijali. Marehemu Renatus Bizimana aliitwa Ilifana kuliko alivyoitwa Renatus, na aliyempa jina hilo ni mke wake, kabla hajawa mke wake.

Ilikuwa Oktoba 2013. Renatus alikuwa na kibanda cha kuchaji simu Nyakanazi, na pembeni alijitolea kutuma habari za burudani kwenye redio moja ya jamii. Jumamosi ya tarehe 19, Bendi ya Kona, vijana wa huko huko wasio na meneja wala mfadhili, walikuwa wanazindua nyimbo zao mpya Nyakahura. Renatus aliwaona wanapakia ngoma na spika kwenye pikapu. Akawapungia mkono, akarudi kibandani, akatuma habari mapema ili iwahi taarifa ya asubuhi. Aliandika kwamba bendi imeitikisa Nyakahura, na kwamba shoo ilifana sana.

Pikapu ikaharibika njiani, mtandao nao ukagoma. Bendi haikufika kabisa.

Jumapili asubuhi, redio ikatangaza. Renatus alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha chakula cha dada mmoja aitwaye Priscila. Dada akaweka birika chini.

"Kaka, hii umeandika wewe?"

"Ni mimi."

"Ilifana?"

"Ilifana sana."

"Haya nisimulie. Wimbo wa pili ulikuwaje?"

Renatus akaanza kuelezea gitaa. Priscila akamwacha aelezee mpaka akafika kwenye ngoma.

"Mimi nilikuwa Nyakahura," akamwambia. "Nimevaa viatu vipya, nimesimama mpaka vimenichubua. Endelea tu, Ilifana. Wimbo wa tatu je?"

Madereva wa malori waliokuwa wanakula pale ndio waliolisafirisha jina hilo mpaka mpakani. Miaka ya baadaye vijana wakamtengenezea stika ya WhatsApp: uso wake, macho amefumba, chini imeandikwa ILIFANA. Kila mtu humu anayo. Kuna mmoja aliituma juzi kwenye grupu la msiba kwa bahati mbaya. Tuliiona, tukamsamehe.

Sasa turudi nyuma. Renatus alizaliwa tarehe 9 Agosti 1986, Kabanga, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Bizimana na mama Speciosa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia 1994 hadi 2000, na sekondari wilayani Ngara, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Mama Speciosa anasema tangu mdogo alikuwa na mdomo wa kupeleka habari. Akitoka kanisani anawasimulia wagonjwa na waliobaki na ng'ombe misa nzima, pamoja na sehemu ambayo kwaya ilipotea. Walimu wa kwaya walikuwa wanamnunulia miwa ili anyamaze. Anakula muwa, halafu anasimulia.

Mwaka 2006 alihamia Nyakanazi kutafuta maisha, ndiko alikofungua kile kibanda.

Kuhusu ile habari ya 2013, watu wengi walicheka na kusahau. Kuna ambao hawakucheka. Watu wa Nyakahura waliosubiri bure waliamini bendi yenyewe ndiyo iliyotuma uongo ule redioni. Elick, mpiga gitaa na mwimbaji, ni mtoto wa Nyakahura. Sokoni kwao walikuwa wanamwambia, "Mlitikisa nini nyie? Hata mbuzi wetu hawakusikia." Bendi ikavunjika kabla mwaka haujaisha. Renatus aliomba radhi redioni, halafu akaenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa Elick. Elick alimsikiliza akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti.

"Nimekusikia kaka," akamwambia. "Shida yako habari inatangulia gari."

Renatus alirudi na sentensi hiyo na hakuiacha tena. Januari 2014 alifungua ukurasa wake mtandaoni, akauita Nilikuwepo. Sharti lilikuwa moja: haandiki nyimbo ambazo hajazisikiliza zote, na haandiki shoo ambayo hakukaa mpaka wimbo wa mwisho. Alienda Nemba kusikiliza vijana watatu wenye ngoma moja. Alienda Biharamulo mjini, Rulenge, kila mahali ambapo bendi isiyo na jina imebandika tangazo kwenye nguzo. Alisifu na alikosoa. Aliwahi kumwandika mwimbaji mmoja kwamba "sauti nzuri, ila anaimba kama anaogopa kumwamsha mtoto." Yule dada alimtukana kwenye komenti siku mbili mfululizo, ya tatu akamtumia wimbo mpya. Neno lile la redioni, ilifana, hakuliandika tena. Bendi zilimbembeleza: "Broo, tuandikie hata kwa herufi ndogo." Alikataa.

Tarehe 25 Julai 2015 alifunga ndoa na Priscila. Mshereheshaji alisimama akawatangazia wageni kwamba harusi hii mtu asisome habari zake popote mpaka iishe. Priscila alicheka mpaka shela ikateleza. Mungu akawajalia watoto wawili, Happy na Wiston. Kwa maelezo ya Priscila, nyumbani alikuwa baba mwema na mpishi mbaya, na chakula cha mwenzake alikikosoa akiwa amekimaliza, kwa kufuata sharti.

Elick aliikusanya upya bendi mwaka 2019. Kila wakipiga, Renatus alienda, na kila alipofika mlangoni Elick alikuwa na jibu lake. "Wewe uingie ufanye nini? Si ulishaandika?" Renatus hakubishana. Alisimama nje ya ukuta mpaka mwisho, akarudi nyumbani, hakuandika. Priscila alimuuliza kwa nini, maana muziki si alikuwa anausikia. Akasema, "Nimesikia, sijaona. Nikiandika hivyo ni yale yale."

Novemba 2023 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema moyo umetanuka. Alitibiwa Biharamulo, kisha Mwanza, akapata nafuu, ikamwacha, akapata tena. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia.

Juni mwaka huu Bendi ya Kona ilitangaza albamu mpya, nyimbo sita, kuzinduliwa mchana pale pale Nyakahura. Priscila hakutaka aende. Alimwambia barabara ndefu, na yule Elick hata mlangoni hakuruhusu. Renatus akamjibu, "Nitasimama nje. Nimezoea."

Kusimama hakuweza. Jumamosi ya tarehe 14 walifika, Priscila amemshika mkono, akaegemea ukuta anatafuta hewa. Elick alimwangalia kutoka mlangoni muda mrefu. Aliingia ndani, akatoka na kiti cha plastiki, akakipeleka mwenyewe mpaka mstari wa mbele.

Alichoandika baada ya hapo mnakijua, ila tukisome tena. "Bendi ya Kona, Nyakahura. Wimbo wa kwanza ulikimbia kama umechelewa basi. Gitaa la pili lilikuwa nyuma mpaka wimbo wa tatu. Wa nne, ule wa mama anayesubiri barabarani, watu waliacha kucheza wakasimama tu. Walifika, na walipiga zote. Nilikuwepo."

Alimtumia Elick kwanza. Jibu lilikuwa neno moja: "Ulikuwepo."

Renatus alifariki nyumbani kwake Nyakanazi, Jumatano tarehe 2 Julai 2025, Priscila akiwa pembeni yake. Ameacha mama yake, Speciosa, mke, Priscila, watoto, Happy na Wiston, na ndugu zake wanne, wakiwemo kaka yake Jeremia na dada yake Theodosia. Apumzike sasa kwa amani ya Bwana, na huko akaribishwe kwa kiti.

Wasifu huu umeandika yale tu tuliyoyaona, au tuliyoambiwa na aliyekuwepo. Shoo za Rulenge hatukuwepo. Safari za Nemba hatukuwepo. Ukurasa wake bado uko wazi, nenosiri analo Priscila. Wewe uliyekaa naye mstari wa nyuma, uliyesifiwa, uliyekosoliwa ukamblok, tuandikie pale habari yako. Na zile za kumsema pia, tunazitaka.

Tukishamaliza kaburini, Elick na wenzake watapiga wimbo wa nne. Tunaomba mtu asiposti chochote mpaka uishe.